Louis Pasteur: Mwanakemia aliyetenganisha kulia na kushoto

JINA la Louis Pasteur linapotajwa, wengi hukumbuka chanjo ya kichaa cha mbwa na njia ya kuua viini katika maziwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba Mfaransa huyo hakuwa daktari bali mwanakemia, na kwamba ugunduzi wake mkubwa wa kwanza ulitokana na mashapo ya mapipa ya divai.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi aliyewahi kuwa askari katika jeshi la Napoleon. Kijana huyo hakung'ara sana shuleni. Alianguka mtihani wa sayansi mara ya kwanza, akaurudia na kupita 1842, ingawa alama yake ya kemia haikuwa ya kujivunia. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha École Normale Supérieure jijini Paris, na kufikia 1847 alikuwa amehitimu shahada ya uzamifu.

Wakati huo wanakemia walikuwa na kitendawili kilichowashinda. Asidi ya tatariki, inayopatikana katika mashapo ya divai, ilipoyeyushwa majini iliizungusha kuelekea kulia nuru iliyochujwa ili itetemeke katika mwelekeo mmoja. Asidi ya paratatariki, yenye viambato vile vile kwa kiasi kile kile, haikuizungusha nuru hiyo hata kidogo. Mnamo 1844 Mjerumani Eilhard Mitscherlich alikuwa ametangaza kwamba chumvi za asidi hizo zilifanana hata kwa umbo la fuwele.

Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 25, Pasteur alizichunguza upya fuwele za chumvi ya paratatariki. Aligundua kwamba zilikuwa za aina mbili, kila moja ikiwa kama sura ya mwenzake kwenye kioo, mithili ya mkono wa kulia na wa kushoto. Alizitenga kwa kibano, moja baada ya nyingine. Aina moja iliizungusha nuru kulia, nyingine kushoto. Zilipochanganywa sawa kwa sawa, nguvu zake zilibatilishana.

Bahati pia ilimsaidia, kwani fuwele za chumvi hiyo hujitenga hivyo katika hali ya ubaridi tu, chini ya nyuzijoto 27 hivi.

Habari hizo zilimfikia Jean-Baptiste Biot, mkongwe wa miaka 74 aliyekuwa bingwa wa elimu ya nuru. Biot hakuamini. Alimwita kijana huyo arudie jaribio mbele yake, kwa kemikali alizompa yeye mwenyewe. Sifa ya Pasteur ilikuwa hatarini, lakini matokeo yalikuwa yale yale. Tangu siku hiyo mzee huyo akawa mlezi wake.

Miaka kumi hivi baadaye Pasteur alionyesha kwamba kuvu iliyooteshwa katika paratatariki ilikula molekuli za kulia na kuziacha za kushoto. Alisadiki kwamba kuchagua upande ni alama ya uhai. Alijaribu hata kutumia sumaku kuleta hali hiyo maabarani, akashindwa.

Maisha yake hayakukosa huzuni. Mabinti zake watatu walifariki wakiwa wadogo, wawili kwa homa ya matumbo, na kiharusi cha 1868 kilidhoofisha upande wake wa kushoto. Hata hivyo aliendelea na kazi, na Julai 1885 akamdunga Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, chanjo iliyompa umaarufu duniani kote. Pasteur alifariki Septemba 28, 1895.

Alichoshindwa kufanya kwa sumaku, wengine walikifanikisha kwa vichocheo vya kemikali. Mmarekani William Knowles alibuni kichocheo kilichowezesha kutengenezwa kwa wingi molekuli ya kushoto ya dopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2001 Knowles, Ryoji Noyori wa Japani na Mmarekani Barry Sharpless walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa vichocheo vya namna hiyo.

Leo watengenezaji wa dawa hulazimika kujua molekuli yao ni ya upande gani, kwani ya kulia yaweza kuponya na ya kushoto isifae kitu, au kinyume chake. Elimu hiyo ilianzia kwenye kibano cha Pasteur.