Msiri na shaba ya Garenganze

Sisi tunaoishi Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, huona kila siku malori yakipita na vibao vya shaba. Ni rahisi kusahau kwamba madini haya yaliwahi kuwa na kazi nyingine.

Misri ya kale ilifunika uso wa Tutankhamun kwa barakoa ya dhahabu yenye zaidi ya kilo 10. Kule Mapungubwe, Afrika Kusini, mkubwa mmoja alizikwa na kifaru mdogo wa dhahabu. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na shaba. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wafu waliwekewa misalaba midogo ya shaba. Misalaba ya namna hiyo ilikuwa pesa sokoni, ikalipia pia mahari. Juu ya mali hiyo Msiri alijenga ufalme.

Jina lake la awali ni Ngelengwa. Alizaliwa mnamo 1830 Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa akifuata shaba hadi Katanga. Mwana alishika njia ya baba, na katika miaka ya 1850 akahamia huku na kundi dogo la watu walioitwa Wayeke, yaani wawindaji wa tembo. Walikuwa wachache, ila walikuwa na bunduki. Aliwasaidia machifu wenyeji dhidi ya Waluba, na kila msaada ukamwongezea mamlaka, mpaka wale aliowasaidia wakawa raia zake. Nchi ikajulikana kwa jina la Garenganze, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya.

Wahunzi wenyeji waliendelea kuyeyusha mawe ya kijani wakati wa kiangazi. Wayeke wakaongeza ufundi wa kuvuta shaba iwe nyaya nyembamba za kutengenezea vikuku. Misafara ilikwenda mashariki hadi Tabora na pwani ya Zanzibar, na magharibi hadi Benguela. Ilibeba shaba, chumvi na pembe za ndovu, na pia watumwa. Ilirudi na bunduki, baruti, vitambaa na shanga. Utajiri wa Bunkeya ulilipiwa na wengi ambao hawakurudi kwao, na hilo halifai kufichwa.

Bunkeya ulikuwa pia mji wa lugha. Wakubwa walisema Kiyeke, wenyeji Kisanga, wafanyabiashara wa mashariki Kiswahili, na wa magharibi Kiumbundu na Kireno. Mmishenari Frederick Arnot, aliyefika 1886, alikuta mfalme aliyezoea wageni.

Mwisho wake uliletwa na wanaotamani madini. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alitaka mkataba, Msiri akakataa. Mwaka 1891 Wasanga waliochoshwa na ukali wake waliasi. Desemba mwaka huohuo ukaja msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msiri hakutaka kuipokea bendera yake, akaondoka Bunkeya usiku kwenda kijiji cha jirani. Huko, tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akafa. Bodson naye alipigwa na mtu wa Msiri, akafa. Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, alirithi kiti chenye nguvu pungufu.

Mwaka 1906 ikaanzishwa kampuni ya Union Minière, na shaba ikawa ya kusafirishwa nje. Kiswahili kilienea pamoja na migodi. Kiyeke, lugha ya washindi, kikamezwa polepole na Kisanga, lugha ya walioshindwa. Leo kinabaki zaidi katika nyimbo na sherehe za wazee. Misalaba ya shaba imehifadhiwa katika makumbusho. Lugha haina kabati la vioo. Sisi wa kitivo hiki tusikawie kwenda Bunkeya na vinasa sauti.