Alfred Wegener

Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa, alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1880. Alipochunguza ramani, aliona kuwa Afrika na Amerika ya Kusini zingeweza kushikamana kama vigae vya chungu kilichovunjika. Miamba ya kale ya pande zote mbili ilifanana. Tena, chini ya ardhi ya Ujerumani, nchi ya baridi, kulikuwa na chumvi nyingi iliyobaki baada ya jua kali kukausha maji ya bahari. Basi zamani nchi hiyo ilikuwa mahali pa joto.

Mwaka 1912 Wegener alieleza kuwa mabara husogea. Wataalamu wengi walimpinga, kwani hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma. Alifariki mwaka 1930 kwenye barafu ya Greenland. Katika miaka ya 1960, uchunguzi wa sakafu ya bahari ulithibitisha kuwa mabara husogea kweli.