Sindelar: Goti la bandeji lililowatesa mabeki wa Ulaya

SIKU hizi straika akichanika gegedu la goti, madaktari wanapitisha vifaa kwenye vitundu vidogo, wanamaliza kazi, na baada ya muda jamaa yupo mazoezini anapiga danadana.

Mwaka 1923 mambo hayakuwa hivyo. Goti lilifunguliwa kwa kisu, na mchezaji aliyeingia chumba cha upasuaji hakuwa na uhakika wa kugusa mpira tena.

Matthias Sindelar aliingia humo akiwa na miaka 20 tu. Akatoka, na baadaye akawa mshambuliaji bora kuwahi kutokea Austria.

Alizaliwa Februari 10, 1903 katika kijiji cha Kozlov, eneo la Moravia ambalo leo lipo Jamhuri ya Czech. Familia ilihamia Vienna, mtaa wa Favoriten, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya matofali. Mpira aliujulia huko huko mitaani.

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Aliuawa vitani mwaka 1917, mama akabaki na mzigo wa kulea watoto wanne. Mwaka uliofuata kijana akajiunga na klabu ya Hertha Vienna.

Balaa halikumkuta uwanjani. Aliteleza kwenye bwawa la kuogelea, goti la kulia likaumia vibaya. Profesa Hans Spitzy, bingwa wa mifupa pale Vienna, ndiye aliyemfanyia upasuaji.

Goti lilipona, lakini woga wa kuumia tena haukuisha. Kuanzia hapo Sindelar hakuingia uwanjani bila bandeji kwenye goti la kulia, na alivaa hivyo mpaka mwisho wa maisha yake ya soka.

Kubwa zaidi, alibadilisha namna ya kucheza. Enzi zile mshambuliaji wa kati alikuwa mtu wa miraba minne, kazi yake kugongana na mabeki na kupiga vichwa. Sindelar alikuwa mwembamba, tena ana goti bovu. Angegongana na nani?

Akaamua kuwakimbia. Alishuka chini kuchukua mpira, akapiga chenga ya mwili, akatoa pasi na kuhama kabla buti la beki halijafika. Wana Vienna wakampa jina la Mtu wa Karatasi, kwa jinsi alivyopenya katikati ya mabeki kama karatasi inayopeperushwa na upepo.

Mwaka 1924 alihamia klabu ambayo baadaye iliitwa Austria Vienna. Septemba 1926 alianza kuichezea timu ya taifa dhidi ya Czechoslovakia, na siku hiyo hiyo akatupia bao.

Moto wenyewe ulianza Mei 1931. Kocha Hugo Meisl alimpanga dhidi ya Scotland, Austria ikashinda 5-0. Siku nane baadaye wakaenda Berlin na kuichapa Ujerumani 6-0. Aprili 1932 ilikuwa zamu ya Hungary, 8-2, Sindelar peke yake akifunga matatu. Dunia ikaiita Wunderteam, yaani Timu ya Maajabu. Desemba mwaka huo England ilibidi ihangaike kwelikweli kuishinda 4-3 jijini London, na Sindelar alifunga pia.

Kilichomsumbua ni kile kile alichokikimbia. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 1934, kwenye tope la uwanja wa San Siro, Luis Monti wa Italia alimkaba kibabe dakika zote. Austria ikalala 1-0, na mechi ya mshindi wa tatu Sindelar hakucheza.

Machi 1938 Ujerumani ya Adolf Hitler ikaimeza Austria, timu ya taifa ikafutwa. Aprili 3 ikachezwa mechi ya kuaga, Austria dhidi ya Ujerumani. Sindelar, akiwa na miaka 35, alifunga, na Austria ikashinda 2-0.

Kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, alimtaka kwenye kikosi chake cha Kombe la Dunia. Sindelar akakataa. Alisema umri umekwenda na mguu haupo sawa. Lakini klabu yake aliendelea kuichezea hadi mwishoni mwa mwaka huo. Goti lile lile lililokaribia kumnyima soka sasa likampa sababu ya kutovaa jezi asiyoitaka.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Mwaka huo huo alinunua mgahawa ambao mwenyewe, Myahudi, alilazimishwa na sheria za Wanazi kuuachia. Jambo hilo linajadiliwa Austria mpaka leo.

Januari 23, 1939 alikutwa amekufa kitandani pamoja na mpenzi wake, Camilla Castagnola, ambaye naye hakupona. Kilichowaua ni hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Polisi walisema bomba la moshi lilikuwa bovu. Wengi hawakukubali, wakahisi kuna mkono wa mtu.

Maelfu walijitokeza kumzika kwenye makaburi makuu ya Vienna. Aliichezea Austria mechi 43, na zote alizicheza baada ya upasuaji ule.