Rudolf Virchow na siri ya damu kuganda

Mwanafunzi wa biolojia akitajiwa jina la Rudolf Virchow hujibu papo hapo kwamba ni yule Mjerumani aliyefundisha kuwa kila seli huzaliwa na seli nyingine. Jibu ni sahihi, lakini kwa maoni yangu ndilo jambo dogo zaidi katika maisha ya mtu huyu. Isitoshe, Robert Remak wa Berlin alikuwa amelionyesha jambo hilo kabla yake, na Virchow hakumpa haki yake. Mimi ningependa walimu wenzangu wamfundishe kwa sababu nyingine. Ndiye aliyetuwekea msingi wa kueleza kwa nini mtu aliyeugua mafua makali wiki iliyopita anaweza leo kuanguka, mdomo ukapinda na mkono mmoja ukaishiwa na nguvu. Hapa kwetu msiba kama huo ukitokea, wapo wanaotaja majini na mahasidi kabla ya kuitaja damu.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, ambao siku hizi umo nchini Poland. Wazazi wake hawakuwa matajiri, hivyo akasomea udaktari mjini Berlin kwa ufadhili wa jeshi la Prussia, na mwaka wa 1843 akaanza kazi katika hospitali ya Charité, kwenye chumba cha kupasulia maiti.

Wakati huo aliyesikizwa kote Ulaya ni Jean Cruveilhier wa Paris, ambaye alifundisha kwamba uvimbe wa vena ndio chimbuko la maradhi karibu yote. Virchow hakuridhika. Kila alipofungua mapafu ya watu waliokufa ghafla, aliona mabonge ya damu ndani ya mishipa, ilhali kuta za mishipa yenyewe hazikuwa na kasoro. Je, yalitoka wapi? Akaichunguza miguu ya maiti hao na kukuta mabonge mengine ndani ya vena, na baadhi yalikuwa yamekatika ncha. Ndipo akawachukua mbwa, akatia vipande vya mpira na vya nyama katika vena za shingo, kisha akavikuta vimekwama mapafuni. Mwaka wa 1846, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alitangaza kwamba bonge huweza kuzaliwa mahali pamoja, likasafiri na mkondo wa damu, likaziba mshipa mahali pengine. Majina ambayo madaktari wanayatumia hadi leo, thrombosi kwa bonge linaloganda na emboli kwa bonge linalosafiri, ni yeye aliyeyaleta katika tiba.

Mnamo Februari 1848 serikali ilimtuma Upper Silesia, ambako homa ya taifasi, ile inayoenezwa na chawa wala si homa ya matumbo, ilikuwa ikiwaangamiza wakulima wenye njaa waliosema Kipolandi. Alikaa huko karibu majuma matatu. Waliomtuma walitarajia orodha ya dawa. Yeye akawaandikia kuhusu shule katika lugha ya wenyeji, barabara, kodi za haki na uhuru wa watu kujitawala. Siku chache baada ya kurejea Berlin, mapinduzi yalizuka naye akawa miongoni mwa waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka uliofuata alisimamishwa kazi, akahamia Würzburg. Berlin ilimrudisha mwaka wa 1856 kwa cheo cha profesa.

Mwaka huohuo wa 1856 alichapisha mkusanyo wa maandishi yake kuhusu damu. Kutokana na kazi hiyo, waliokuja baadaye walitunga kile kinachoitwa utatu wa Virchow, ingawa mwenyewe hakuupanga hivyo. Damu huganda mwilini kwa sababu tatu: ukuta wa mshipa umejeruhiwa, mwendo wa damu umezorota, au damu yenyewe imebadilika ikawa nyepesi kuganda.

Baada ya hapo akawa mbunge, akapambana na Bismarck hata akaitwa kwenye pigano la silaha mwaka wa 1865 (alikataa, na alifanya vyema), akahimiza Berlin ijengewe mabomba ya maji taka. Lakini tusimfanye malaika. Hakumwunga mkono Ignaz Semmelweis aliyewasihi madaktari waoshe mikono, na alisita kukubali kwamba vijidudu peke yake huzaa maradhi. Mnamo Januari 1902 alianguka aliposhuka kwenye tramu, akavunjika mfupa wa paja, naye akafariki tarehe 5 Septemba mwaka huo. Kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinawadhuru wanadamu, kile cha homa ya manjano, kilikuwa kimetambuliwa mwaka mmoja tu kabla.

Hivyo Virchow hakupata kuuona uhusiano kati ya virusi na mabonge aliyoyachunguza. Sisi tumeuona. Mwili ukipigana na kirusi, ini huongeza viini vya kugandisha damu, na chembe za damu hushikana upesi. Hiyo ni sababu moja kati ya zile tatu. Mgonjwa hulala kitandani siku nyingi bila kunywa maji ya kutosha, na damu ya miguuni ikazembea. Hiyo ni ya pili. Kisha kuna kuta za mishipa. Kirusi cha tetekuwanga, ambacho hujificha miaka mingi na kurudi kama mkanda wa jeshi, huweza kuingia katika kuta za ateri za ubongo. VVU nacho huzidhuru ateri, na ndiyo mojawapo ya sababu za vijana kupata kiharusi barani Afrika. UVIKO-19 ulizikusanya zote tatu. Mwaka wa 2020 waliopasua maiti walikuta mabonge madogomadogo yametapakaa mapafuni, na madaktari wa New York wakapokea wagonjwa wa chini ya miaka 50 ambao ateri kubwa za ubongo zilikuwa zimezibwa.

Dawa ya kuyeyusha bonge lililoziba ubongo ipo. Hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo ni lazima kichwa kipigwe picha, kwa kuwa kipo kiharusi kingine, cha mshipa kupasuka, ambacho dawa hiyo hukizidisha. Saa zinahesabiwa tangu mdomo ulipopinda, hata kama mgonjwa bado yumo kwa mganga.