Mfalme Friedrich Wilhelm na Kodi za Prusia

Kaskazini mwa Ujerumani palikuwa na ufalme ulioitwa Prusia. Nchi zake hazikushikamana. Nyingine zilikuwa magharibi karibu na mto Rhine, nyingine zilizunguka mji wa Berlin, na nyingine zilikuwa mbali mashariki, pwani ya bahari ya Baltiki. Na katikati yake zilikuwamo nchi za watawala wengine. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mchanga, na watu wake walikuwa wachache. Katika ukoo wa watawala wa nchi hizo alizaliwa Friedrich Wilhelm, mwaka 1688.

Baba yake, Friedrich wa Kwanza, alipenda fahari. Jumba lake lilijaa watumishi, farasi na vyombo vya fedha, na mawaziri aliowapenda walijitajirisha kwa mali ya serikali. Mwaka 1709 tauni iliingia Prusia ya Mashariki, ikaua watu hata mwaka 1711. Theluthi nzima ya wenyeji walikufa, au zaidi, na vijiji vingi vikawa mahame. Katika msiba huo hazina haikuwa na kitu cha kuwaponya watu. Kijana Friedrich Wilhelm akataka hesabu zichunguzwe, na mawaziri wale wakaondolewa kazini. Mmoja wao akatiwa gerezani. Jambo lile halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Mwaka 1713 baba yake alikufa, naye akatawala. Mara moja akaita orodha ya watumishi wa jumba, akafuta majina mengi kwa kalamu yake mwenyewe. Farasi wa fahari na vito vikauzwa. Yeye akavaa nguo za askari na kuishi kama kabaila wa shamba aliye mwangalifu wa mali.

Siku zile kodi ya Prusia ilikuwa ya namna mbili. Watu wa mijini walilipa ushuru mlangoni mwa mji. Mkokoteni ulioleta unga, nyama au pombe ulisimamishwa, vitu vikapimwa, na mwenyewe hakupita mpaka alipe. Watu wa mashambani walilipa kodi ya ardhi, na hapo ndipo palipokuwa na dhuluma. Huko Prusia ya Mashariki mabwana wenye mashamba makubwa walificha ukubwa wa mashamba yao, na mzigo ukawaangukia wakulima maskini.

Basi mwaka 1715 mfalme akamtia kazini Karl Heinrich Truchsess von Waldburg, naye mwenyewe mtu wa ukoo wa mabwana wa jimbo lile. Wapimaji wakaenda kijiji kwa kijiji. Walipima mashamba kwa kipimo kiitwacho hufe, ambacho ni kiasi cha ekari 40, na kutazama udongo, kwa kuwa si haki shamba la mchanga lilipe sawa na shamba lenye rutuba. Yakaonekana mashamba ya hufe karibu 35,000 yasiyokuwa yameandikwa po pote. Mabwana wakanung'unika, wakaandika barua za kulalamika, mfalme hakugeuka. Mwaka 1719 kazi ikawa imekwisha, na bwana na mkulima wakatozwa kwa kipimo kimoja.

Lakini ubaya mwingine ulikuwa katika ofisi za mfalme mwenyewe. Idara moja ilitunza mashamba ya mfalme, nyingine ilikusanya kodi za jeshi, nazo zilishindana hata kushitakiana mahakamani, kila moja ikilipa mawakili kwa fedha ya serikali ile ile! Mwishoni mwa mwaka 1722 mfalme akajitenga katika nyumba yake ya mawindo, akaandika amri ndefu kwa mkono wake. Mwaka uliofuata idara zile zikaunganishwa kuwa baraza kuu moja mjini Berlin, na chini yake kila jimbo likawa na baraza lake. Mtu hakupewa kazi katika jimbo alikozaliwa, asije akawapendelea jamaa zake. Mawaziri walianza kazi saa 1 asubuhi wakati wa joto na saa 2 wakati wa baridi, na aliyechelewa bila ruhusa alitozwa faini kubwa. Kazi ikipita saa 8 mchana, chakula kililetwa kutoka jikoni kwa mfalme. Nusu yao wakala, nusu wakaendelea kuandika.

Mwizi hakuonewa huruma. Diwani mmoja wa baraza la Königsberg, von Schlubhut, aliiba fedha ya serikali. Mahakama ilimhukumu kifungo tu, lakini mfalme aliibadili hukumu, naye akanyongwa mwaka 1731 mbele ya nyumba ya baraza, mbele ya macho ya madiwani wenzake.

Ukali huo huo uliingia nyumbani. Mwaka 1730 mwanawe Friedrich, aliyechoka kupigwa na kutukanwa, alijaribu kutoroka. Rafiki yake Katte akakatwa kichwa huko Küstrin, ambako mwana wa mfalme alikuwa amefungwa. Baadaye kijana akawekwa katika baraza la jimbo la mji ule ule, akajifunza hesabu za kodi na mashamba kama karani.

Mapato yakaongezeka hata kufika karibu taleri milioni 7 kwa mwaka. Sehemu ya fedha iliwarudia watu. Wakimbizi wa Salzburg, waliofukuzwa kwao kwa ajili ya dini yao, walipokelewa mwaka 1732, na watu kama 15,000 wakapewa mashamba katika vijiji vilivyoachwa na tauni. Lakini karibu milioni 5 zililiwa na jeshi, ambalo liliongezeka kutoka askari 40,000 hivi hata 80,000. Na mfalme huyu, bahili kwa kila kitu, alitapanya fedha kutafuta watu warefu wa kikosi chake cha Potsdam. Wengine waliibwa kwao kwa nguvu.

Alikufa Potsdam tarehe 31 Mei 1740, akaacha taleri milioni 8 katika hazina. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mwanawe alizitumia kuishambulia Silesia. Baraza kuu lilidumu mpaka mwaka 1808, baada ya Prusia kushindwa na Napoleon.