Carey Francis: aliacha Cambridge akaja kutufundisha kugawanya

Ukipanda matatu ya Kisumu hapa Kakamega, unapita lile jiwe la Ilesi linalolia, unapita Khayega, Chavakali na Mbale. Shuka Majengo, chukua nyingine ya Luanda, na ukisonga mbele kidogo uko Maseno, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Stori ya leo inaanzia huko. Na kama hesabu ilikufanya ulie shuleni kuliko jiwe la Ilesi, usikimbie. Mimi pia nililia.

Jamaa mwenyewe anaitwa Edward Carey Francis. Alizaliwa London mwaka 1897, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akasoma hesabu Cambridge na kubaki hukohuko kama mhadhiri, katika chuo cha Peterhouse. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1928 kulitoka kitabu cha mifano ya mifululizo isiyo na mwisho, majibu yakiwa ndani, kimeandikwa na watu wawili: yeye na J. E. Littlewood, mmoja wa vichwa vikubwa vya hesabu duniani wakati huo.

Mfululizo usio na mwisho ni nini? Chukua chapati moja. Kula nusu. Kati ya iliyobaki kula nusu tena, halafu nusu ya hiyo, endelea hivyo hadi kesho. Utakula milele na bado hujamaliza hata chapati moja. Sasa thibitisha, bila kubabaisha, kwamba jumla ya vipande vyote hivyo ni chapati moja kamili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mwaka huohuo wa 1928 akafunga sanduku na kuja na wamishenari wa CMS kuwa mwalimu mkuu Maseno. Hebu fikiria. Mtu anayeijua hesabu kiasi hicho anasimama mbele ya vijana wa Kijaluo na Kiluhya, wengine wametembea kutoka huku kwetu, wilaya iliyoitwa North Kavirondo na makao yake yakiwa Kakamega. Miaka michache baadaye, 1931, dhahabu ikapatikana Kakamega na wazungu wakamiminika na sururu. Yeye alibaki Maseno na chaki yake hadi 1940.

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Aliandika vitabu vya hesabu vya watoto wa shule za msingi. Kimoja kwa Kiswahili kiliitwa Hesabu za Kikwetu. Lile jina pekee linanifurahisha. Hesabu ya kwetu, si ya mjomba wa London anayenunua tufaha. Watu wengi wenye digrii kubwa hudhani kufundisha kugawanya ni kazi ya kumwachia mtu yeyote tu. Huyu aliona ni kazi ya kumtosha.

Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa mkali kama pilipili, mtu wa nidhamu, kengele na mstari ulionyooka. Alipohamia Alliance, Kikuyu, mwaka 1940, aliiendesha shule hiyo kwa miaka 22, na mtihani wa Cambridge ulikuwa kipimo cha kila kitu. Matokeo yalikuwa moto. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa hapo kuanzia 1955 hadi 1958. Serikali ya Kenya huru ilijaa watu waliopita mikononi mwake. Mau Mau aliwapinga waziwazi, na hilo wengi hawajamsamehe mpaka leo.

Kuna kitu kinanikera kila nikimfikiria. Kule alikotoka, hesabu haikuwa kazi ya mtu mmoja kukaa kimya na karatasi. Littlewood alifanya kazi na G. H. Hardy zaidi ya miaka 30. Hata Hardy alipokuwa Oxford, waliandikiana barua: mmoja anatupa wazo, mwingine analikosoa, linarudi, linatupwa tena. Francis mwenyewe kitabu chake aliandika na mwenzake. Hesabu ya wakubwa ilikuwa mazungumzo. Ya kwetu ikafika kama amri. Kaa kimya, funika daftari, anayechungulia ya jirani ni mwizi. Sisemi yeye ndiye aliyeleta hayo. Shule karibu zote za mkoloni zilikuwa hivyo, na tulipopata uhuru tuliendelea nayo bila hata kuuliza.

Shule niliyosomea, sitaitaja, niliwahi kuuliza kwa nini ukigawanya kwa sehemu unaipindua na kuzidisha. Nikaambiwa nipindue tu. Nikapindua hadi nikafika chuo, na chuo nikakiacha njiani. Sisemi ni kwa sababu ya swali hilo. Ila swali bado ninalo.

Mabadiliko yalichukua muda. Mwaka 1998 serikali na Wajapani wa JICA walianzisha mradi wa SMASSE wa kuwapa walimu wa hesabu na sayansi mafunzo mapya, na Kakamega ilikuwa kati ya wilaya tisa za majaribio. Wazo lilikuwa mwanafunzi afanye, ajaribu, atumie vitu vilivyopo, na mwalimu apunguze hotuba. Ulianza na sekondari, baadaye ukaenda shule za msingi. Leo mtaala mpya umejaa kazi za vikundi, na mathe wako analalamika kila jioni kwamba anatafutiwa vizibo vya soda.

Juzi hapa Amalemba niliwapa watoto watatu wa jirani na mdogo wangu chapati tatu. Watoto wanne, chapati tatu, kila mtu apate sawa. Kelele! Mmoja akasema kata kila chapati vipande vinne, kila mtu achukue kimoja kimoja. Binti mdogo akakataa: chapati mbili zikatwe nusu, ya tatu ikatwe robo, kila mtu apate nusu na robo. Wakabishana kama wabunge hadi wakapanga vipande juu ya sahani na kuona ni kitu kilekile, robo tatu. Mimi sikusema neno. Chapati zilikuwa zimepoa lakini hakuna aliyejali.

Sijui mzee Francis angewaambia wanyamaze au angevuta kiti. Ninachojua ni alichofanya mwishoni. Mwaka 1962 alitoka Alliance, shule iliyokuwa na jina kuliko zote nchini. Angeweza kurudi Uingereza akapumzike. Badala yake alienda Eastlands, Nairobi, katika Shule ya Sekondari ya Pumwani, kama mwalimu wa kawaida chini ya mwalimu mkuu mwingine. Alifundisha watoto wa mtaa huo hadi alipofariki Julai 1966. Alikuwa na miaka 68, hakuwahi kuoa, na chaki hakuwa ameiweka chini.