Shaaban Robert: Karani Aliyejua Kubuni

Mwanafunzi, kabla hujaanza kukariri dhamira na maudhui, mfahamu kwanza mtunzi huyu. Maisha yake yatakufaa hata katika karatasi ya insha.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisomea Dar es Salaam, na mwaka wa 1926 akaajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Kwa miaka mingi alikula mshahara wa serikali ya kikoloni. Je, mtu wa aina hiyo angesemaje kwamba watawala wanawadhulumu raia?

Alibuni. Katika riwaya ya Kusadikika, iliyochapishwa mwaka wa 1951, aliumba nchi inayoelea angani. Humo, Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Wahakiki wengi wameiona Tanganyika ya mkoloni katika nchi hiyo, ingawa mtunzi hakuitaja.

Sasa isome riwaya hiyo kama mtunzi, si kama mtahiniwa tu. Tazama majina: Majivuno hahitaji maelezo marefu. Hayo ni majazi. Tazama pia utetezi wa Karama. Hahubiri kuhusu haki. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa ugenini, wakarudi na mawazo mema, nao wakatupwa gerezani. Kila kisa ni ushahidi.

Nimesahihisha insha nyingi ambamo mtahiniwa anarudia kwamba ufisadi ni mbaya, bila kutuonyesha hata mtu mmoja akiombwa hongo. Mtahiniwa huyo amesoma riwaya nzima, akabeba maudhui na kuiacha mbinu. Usiwe yeye.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Kufikirika na Utubora Mkulima zilichapishwa baada ya kifo chake. Aliandika hata yale ambayo hakujaliwa kuyaona kitabuni. Nawe usingoje siku ya mtihani ndipo uandike.

Zoezi
Chagua dhuluma moja unayoijua mtaani kwenu. Buni mahali itakapotokea bila kutaja mtaa wenyewe. Mpe mhusika wako jina la majazi, umsimamishe mbele ya hakimu, kisha ajitetee kwa kusimulia kisa kimoja. Andika aya mbili.